Maziwa ya Mlimani

Siku Mwinjuma alipopanda mlima na madumu mawili matupu mgongoni, kondoo wa Wales waliacha majani wakamtazama. Walikuwa na haki. Mlima ule wameupita watu wa kila namna, wenye fimbo za chuma, wenye mbwa, wenye kaptula kwenye baridi ya kukata masikio, lakini mzee wa Kiunguja mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono, koti la kuendeshea basi, na madumu yanayogongana nyuma yake kama ngoma ya harusi iliyokosa wapigaji, huyo walikuwa bado hawajamwona.

Hadithi hii inasimuliwa sana pale kwa kinyozi Bordesley Green, Birmingham, na kila anayeisimulia anaikosea kwa namna yake. Kuna mmoja anadai Mwinjuma alikwenda kutafuta dhahabu. Uongo mtupu. Kaeni vizuri muipate ilivyo.

Mwinjuma ni mtu wa Makunduchi. Aliingia Birmingham kijana mwembamba, akanenepa humu humu na kuzeeka humu humu. Kwanza alifunga vyuma kiwandani, halafu akaendesha basi, miaka hata mwenyewe kachoka kuihesabu, mpaka walipomkatia keki wakampa na saa ya ukutani, wakamwambia sasa nenda kapumzike. Kupumzika hakujui. Alfajiri bado anaamka, analivaa koti lile lile la kazi, anakaa dirishani kwake Stechford na kikombe cha chai, anayasimanga mabasi ya wenzake kwa kuchelewa.

Na anatania. Enzi za usukani aliwatania abiria kupitia kile kioo cha juu, na wapo waliokuwa wakiliacha basi la mbele tupu ili wamngoje yeye. Mtoto wa jirani akianguka na baiskeli, Mwinjuma atamuuliza kwanza lami imeumia wapi. Mkewe, Bi Safiya, anayewapikia watoto chakula cha mchana skuli moja ya Hodge Hill, husema kwamba huyu hata kaburini malaika akija kumhoji, ataanza yeye kumuuliza malaika katokea upande gani.

Utani ule ulimpa mapenzi ya watu wengi, ukamnyima kitu kimoja tu. Ulimnyima Kiswahili cha binti yake.

Asmahan alikuwa na miaka saba hivi. Sebuleni palikuwa na mgeni mkubwa, Maalim Haroun, mtu wa heshima zake na ndevu zake, na wanaume wamekaa duara wanamsikiliza. Mtoto akatumwa chupa ya chai. Akaja nayo kaikumbatia kwa mikono miwili, kajitanda ushungi mpya, anatembea taratibu kama bibi harusi, akasimama mbele ya mgeni na kusema kwa sauti nzuri kabisa, sauti aliyoifanyia mazoezi jikoni:

"Maalim, nimekuletea chupi yako ya moto."

Maalim alijikaza. Alitazama zulia, akalitazama sana. Aliyeripuka ni baba mtu. Mwinjuma alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti, akapiga zulia ngumi, akaomba maji. Na lau angecheka siku ile tu yakaisha! Aliibeba. Harusini akaitoa, kwa kinyozi akaitoa, Idi zote akaitoa, na mtoto yupo pale pale anasikia, mpaka wenziwe wakawa wanamwita Chupi ya Chai. Basi siku moja, bila ya kugombana na mtu, Asmahan akaacha. Msemeshe Kiswahili, atakuelewa neno kwa neno, lakini jibu linakuja kwa Kiingereza. Bibi yake, Bi Mwanakhamis, mama yake Mwinjuma, akipiga simu kutoka Makunduchi kila Ijumaa, Asmahan alikuwa akisema "Shikamoo Bibi, mzima?" halafu simu anamsukumia baba yake upesi, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa.

Sasa Asmahan ni mtu mzima. Anapima macho ya watu kwenye duka la miwani mjini, na mwisho wa wiki anavaa viatu kama vya askari anakwenda kupanda milima ya Wales. Mwaka huu, mvua za mwisho wa Mei, akatangaza mezani kwamba Disemba anakwenda Makunduchi peke yake, kukaa na Bibi. Alitangaza kwa Kiingereza. Lakini wiki ile ile simu ya Mwinjuma ikalia, mzee akavaa miwani, akasoma:

"Baba, Jumamosi nataka kupeleka wewe maziwa ya mlimani. Nzuri sana. Baridi sana. Utavaa viatu kali."

Viatu kali! Mwinjuma alihisi kitu kinamtekenya mbavuni. Mdomo ulishaanza kufunguka wenyewe. Bi Safiya, aliyekuwa akisoma pembeni ya bega lake, akamnyang'anya simu.

"Ukicheka, Mwinjuma!"

"Sijacheka."

"Nayaona mashavu hayo. Nisikilize, baba Asma. Mtoto kaandika. Miaka yote hii hajaandika hata 'ndiyo' kwa Kiswahili, leo kakuandikia, tena kakuandikia wewe, si mie. Ukimcheka mara hii ndiyo basi tena. Atakwenda kwa mama yako wakae wanatazamana kama picha mbili ukutani. Na mama yako, Mwinjuma, hana Disemba nyingi."

Hilo la mwisho lilimfunga mdomo kuliko mkono wowote. Akavua miwani, akaifuta, haikuwa na kitu.

"Sicheki," akasema. "Hata aseme nini."

"Wewe?"

"Mie."

"Haya, tutakuona." Bi Safiya akarudi kwenye simu. "Na haya maziwa ya mlimani ndiyo yepi?"

Hapo inabidi muelezwe. Nyumba ile ilikuwa na vita na maziwa ya Uingereza. Bi Safiya anapenda mtindi, ule wa kwao, unaoganda ukaukata kwa kijiko. Maziwa ya dukani huku ukiyaweka yagande, yanaoza tu. Yameshachemshwa, yamechujwa, yamepigwapigwa mpaka yamesahau kama yaliwahi kuwa na mama. Bi Safiya kayaweka juu ya hita, kayafunga blanketi, kayasomea mpaka dua, wapi! Majirani wakaanza kuuliza harufu inatoka wapi. Basi mume na mke walipotazamana juu ya ile simu, wote wawili waliona kitu kimoja: ng'ombe mnene wa Wales kwenye majani mabichi, na mkulima anakuja na ndoo.

"Kamkumbuka mama yake," Bi Safiya akasema, na sauti ikamlegea. Akafungua kabati la chini, akatoa madumu mawili, akaenda kuyasuuza kwa maji ya moto.

Mwinjuma na siri hawajuani. Kabla madumu hayajakauka alishavuka ua kwenda kwa jirani yake, Harbhajan Singh. Huyu ni mzaliwa wa Nakuru, fundi wa magari aliyestaafu, na Kiswahili chake cha bara anakiendesha kama gari la kujaribia, haangalii alama za barabarani. Kila siku ya Mungu Mwinjuma humcheka Kiswahili, na Harbhajan humcheka Mwinjuma kiuno, tumbo, na timu yake ya mpira. Ndio urafiki wao.

"Ya ng'ombe kabisa?" Harbhajan akauliza. "Haijapikwa?"

"Nzuri sana, baridi sana. Binti yangu mwenyewe kaniandikia. Tena kwa Kiswahili, bwana! Si hicho chako cha kuokota gereji."

"Basi mimi nakuja. Bibi yangu Kulwinder atafanya dahi, mtindi ya kwetu. Sisi Nakuru tulikuwa naita maziwa lala."

"Nakuru mlikuwa mnalala wenyewe."

Kwa hiyo Jumamosi Asmahan alipoleta gari mbele ya nyumba, alikuta wazee wawili badala ya mmoja. Harbhajan kafunga kilemba cha buluu na kavaa viatu vya maana. Ndani ya begi lake mlikuwa na keni ya chuma yenye mfuniko, imesuguliwa mpaka unaweza kunyolea ndevu. Mwinjuma kafunga madumu yake kwa kamba, kayavaa kama mkoba.

"Baba, hiyo ni nini?" Asmahan akauliza.

"Ya mama yako haya," Mwinjuma akasema, akamkonyeza.

Asmahan akaguna. Alishamzoea. Baba yake alishawahi kwenda kwenye mahafali yake na kipaza sauti.

Wakashika njia. Birmingham ikawaachia taratibu, nyumba zikapungua, wakaipita Shrewsbury, vilima vikaanza kuinuka kimoja nyuma ya kingine, na mawingu yakashuka mpaka mabegani mwa vilima. Ndani ya gari Asmahan akaanza kujaribu. Alianza na Harbhajan, maana kwake hakuwa na la kuogopa.

"Anko, dirisha iko sawa? Nifunga?"

"Wacha tu, beti, mtoto yangu. Upepo iko tamu."

"Mguu yako haitauma?"

"Mguu yangu iko mzuri kuliko ya baba yako."

Wale wawili wakaelewana raha mustarehe, hakuna ngeli hata moja iliyotoka salama. Mwinjuma kakaa mbele, mikono kaibana katikati ya mapaja, kila kosa analimeza kama kidonge cha malaria. Kuna wakati Asmahan alisema kondoo "wamelala wakisimama kama nyumba," na Mwinjuma ikabidi afungue kioo akohoe nje.

"Baba, unaumwa?"

"Vumbi, mwanangu."

"Kuna mvua."

"Vumbi la mvua."

Mlima wenyewe unaitwa Cadair Idris. Njia inaanzia bondeni, kwenye miti mikubwa, halafu inageuka ngazi, ngazi za mawe ndani ya msitu, mto unaporomoka ubavuni kwa kelele kama watu wa ukumbini. Mwinjuma aliingia kwa mbwembwe. Aliwaambia wenzake wamfuate nyuma wasije wakapotea. Alisema yeye kwao alikuwa akikwea minazi kabla ya kunywa chai. Kona ya kwanza alikuwa mbele. Kona ya pili alisimama kusoma kibao kisichokuwa na maandishi. Baada ya hapo alikuwa wa mwisho, kashika goti, anaangalia majani ya mialoni kwa mapenzi makubwa ambayo hakuwahi kuwa nayo na majani.

Asmahan akawa anapanda, anangoja, anapanda, anangoja. Hakumharakisha. Kila akisimama anamtazama baba yake anavyokuja, kong' kong' na madumu yake, na uso wake una utulivu ambao nyumbani hauonekani sana.

"Singh," Mwinjuma akanong'ona pale walipopumzika. "Ng'ombe anapanda vipi huku?"

"Ng'ombe ya mlima iko nguvu."

"Na yule mkulima anashusha vipi maziwa?"

Harbhajan akafikiri, akapangusa paji la uso. "Ndiyo maana iko baridi," akasema.

Wakatoka msituni, wakapita kigeti, na bonde likafunguka. Hapakuwa na miti tena. Majani mafupi, mawe makubwa makubwa yamekaa ovyo kama vyombo vya nyumba inayohamwa, na kondoo. Ndipo pale kondoo walipoacha kula. Mwinjuma akawatazama na yeye, na moyo ukamwambia: labda ni maziwa ya kondoo. Sawa. Safiya hatalaumu. Maziwa ni maziwa.

Njia ikapanda kidogo, ikazunguka jiwe, na Asmahan aliyekuwa mbele akasimama. Akanyoosha mkono wake wote, kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake.

"Baba," akasema. "Maziwa! Tumefika."

Mwinjuma akatazama. Mbele yao palikuwa na ziwa. Ziwa la duara, la rangi ya wino, limekaa kwenye mikono ya mlima, na nyuma yake ukuta wa mwamba umesimama wima mpaka mawinguni. Hapakuwa na upepo. Mwamba wote umeingia majini kichwa chini, na kipande cha wingu, na ndege mmoja mweusi.

Akatafuta ng'ombe. Kushoto, hakuna. Kulia, hakuna. Akamtazama binti yake, bado kanyoosha mkono, uso unang'aa, anangoja. Na hapo ndipo lilipomfika, polepole kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Alimkumbuka Asmahan mdogo, mdogo kabla ya chupa ya chai, kakaa juu ya meza ya jikoni, redio ya Kiswahili inasema nchi za Maziwa Makuu, nchi za Maziwa Makuu, na mtoto anauliza maziwa gani. Na Mwinjuma mwenyewe, kwa majisifu yake, akateremsha ramani na kumwonyesha kwa kidole: Viktoria hiyo, Tanganyika hiyo, Nyasa hiyo, hayo ndiyo maziwa, mwanangu, tunayo makubwa kuliko nchi yao. Mtoto akalihifadhi. Wenzake walimwita Chupi ya Chai, akayafunga maneno yote, lakini hilo moja alikuwa nalo miaka yote, na leo kalileta mpaka huku juu.

Na jamani, ilikuwa inachekesha! Mtu mzima, madumu mawili, milima na mabonde, kufuata maziwa, akaonyeshwa bwawa! Utani wa namna hii mtu wa aina ya Mwinjuma anaungoja maisha yake yote. Aliuhisi unapanda, kutoka tumboni, unapita kifuani, unagonga meno. Alishaanza kuwaona wale wa kwa kinyozi wanavyoanguka. Pembeni yake Harbhajan naye akapata jibu, macho yakamtoka.

"Hee! Mwinjuma! Lakini maziwa iko—"

Mwinjuma akamkanyaga. Alimkanyaga kwa kisigino, na uzito wote, na Harbhajan akaishia kwenye sauti kama ya mlango unaohitaji mafuta.

Asmahan hakuona. Alikuwa amegeukia ziwa. Na bila kumtazama mtu akaanza kusema, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe:

"Zamani hapa ni barafu tu. Barafu kubwa sana, kama mlima mwingine. Barafu ilikula mlima, Baba. Ilikula, ilikula, kila mwaka kidogo. Halafu joto ilikuja. Barafu ilikufa. Maziwa ilibaki."

Akasubiri. Mwinjuma aliijua subira ile. Alishaiona mara moja, mbele ya Maalim Haroun, chini ya ushungi mpya.

Cheko lililokuwa kwenye meno halikurudi tumboni wala halikutoka. Lilikwenda machoni, sijui lilipitia wapi.

"Ilikula mlima," Mwinjuma akasema.

"Nimekosea?"

"Hata kidogo. Sema tena, nisikie vizuri."

Akasema tena. Harbhajan alikuwa kaenda nyuma ya jiwe, anaonekana kilemba tu, na kilemba kilikuwa kinatikisika.

Wakakaa wakala sambusa za Bi Safiya. Kulikuwa kimya, ule ukimya wa kusikia jani linapogusa jani. Asmahan alizungumza na Mwinjuma akajibu, habari za Bibi, za Makunduchi, kama kule usiku kuna nyota nyingi, kama Bibi anakula nini asubuhi. Mambo madogo tu. Mwinjuma akaona kwamba hajapata kuzungumza hivi na mtoto wake, ametania tu. Yote yakaenda vizuri mpaka Asmahan alipomaliza sambusa ya pili, akaelekeza kidole.

"Baba, hiyo madumu ni ya nini?"

Harbhajan, aliyekuwa amerudi, akaacha kutafuna.

"Ya maji," Mwinjuma akasema bila kupepesa. Kusema uongo wa haraka ni kipaji, na yeye alikuwa nacho. "Mama yako kaniagiza maji. Ya mlimani. Anasema ya bomba yanamchosha nywele."

"Nywele?"

"Na chai. Chai na nywele."

Asmahan akamtazama. Halafu akacheka kidogo, akatikisa kichwa. "Mama na mambo yake."

Basi ikabidi ayajaze. Mtu ameshasema ni ya maji, afanyeje? Mwinjuma akapiga magoti ukingoni, akayazamisha madumu moja baada ya jingine, maji yakamng'ata mikono mpaka kwenye kiwiko. "Na keni yako, Singh," akasema kwa meno. "Si na wewe Kulwinder kakuagiza?"

"Mimi?" Harbhajan akamtazama, akaitazama keni, akamtazama msichana. Akashusha pumzi ndefu. "Ndiyo. Kulwinder pia, nywele."

Kushuka mlima na madumu yaliyojaa si kama kupanda na matupu. Zile ngazi za mawe zilimkumbuka Mwinjuma, zikampokea kwa kila goti. Maji yalicheza mgongoni, yakamsukuma mbele, yakamvuta nyuma. Angeweza kuyamwaga. Harbhajan alimwashiria mara mbili, mwaga, mwaga, anayatazama nani? Lakini Asmahan alikuwa nyuma yao, na Mwinjuma hakutaka kumwaga kitu. Penye mialoni binti yake akamkuta kaegemea mti, akamvua dumu moja bila kuuliza, akalibeba yeye.

"Baba," akasema wakishuka. "Maneno yangu iko mbaya sana? Bibi atanicheka?"

Mwinjuma alikuwa na majibu kumi, yote ya kuchekesha. Akayaruka.

"Mie nimezaliwa ndani ya Kiswahili," akasema. "Nimekisema mpaka kimenichoka. Sijapata kusema neno kama lile la barafu. Mwambie Bibi lile lile, usirekebishe hata herufi."

Asmahan akatembea karibu zaidi, dumu linamgonga mguu.

Jua la Juni lilikuwa bado lipo walipoingia Stechford. Bi Safiya aliwangoja mlangoni, kafunga kanga kiunoni, anafuta mikono. Nyuma yake jikoni sufuria kubwa imeshatengwa, kitambaa cha kuchujia kimeanikwa juu ya bakuli, na kikombe cha mbegu ya mtindi kimefunikwa kisahani.

"Haya, karibuni! Maziwa je?"

"Mama!" Asmahan akamkumbatia. "Maziwa ilikuwa nzuri sana! Kubwa!"

"Kubwa?"

"Na nyeusi kidogo."

"Nyeusi!" Bi Safiya akashika kifua.

Harbhajan akasema ameacha kitu garini, akatoka. Nyuma ya mgongo wa binti yake Mwinjuma alikuwa anafanya mambo na uso wake, anaziba mdomo, anaonyesha juu, anaonyesha sikio, anatikisa kichwa. Bi Safiya hakuelewa hata moja. Alikwishafungua dumu. Akanusa. Akamimina bakulini, na maji yakashuka safi, yanapitisha mwanga.

"Mwinjuma. Haya maji."

"Si uliniagiza?"

"Nimeagiza maji mie? Na bomba liko hapa?"

Mwinjuma akafumba macho. Alipofumbua, Asmahan alikuwa anatazama. Aliitazama sufuria, akakitazama kitambaa, akanyanyua kisahani akaona ule mtindi mdogo chini ya kikombe. Akatoa simu mfukoni, akausoma ujumbe wake mwenyewe. Uso ukaanza kuwiva kuanzia shingoni.

Akauliza kwa Kiingereza, sauti ndogo, maziwa maana yake nini hasa. Kile Kiingereza kilimgonga Mwinjuma kama mlango unaofungwa. Kutoka ukumbini Harbhajan, ambaye hakuwa garini hata kidogo, akasema, "Maziwa ni maziwa, beti."

"Likiwa moja ni ziwa," Bi Safiya akasema polepole, maana na yeye sasa alikuwa ameshaona. "Yakiwa mengi ndiyo maziwa. Na ya ng'ombe nayo ni maziwa. Kosa letu sisi, mwanangu, na lugha yetu ya ajabu."

Asmahan akakaa kwenye kigoda. Friji ilikuwa inanguruma. Mwinjuma akasimama na dumu lake la pili mkononi.

"Ulijua?" binti yake akamuuliza. "Pale juu?"

"Nilijua nini?"

"Baba."

"Kidogo."

"Na hukucheka."

"Nilikuwa na vumbi."

"Ulibeba maji. Mlima yote. Lita kumi! Kwa sababu..." Hakuweza kumaliza. Kitu kilimtoka puani, kidogo, halafu kikubwa zaidi, na akainama juu ya magoti, mabega yanatikisika. Mwinjuma alidhani analia. Akapiga hatua. Asmahan akainua uso, machozi yanamtoka, anacheka bila sauti.

"Cheka, Baba," akasema. "Utapasuka!"

Jamani, Mwinjuma akacheka. Lilitoka cheko la njia nzima, la viatu kali na kondoo na nywele, akashuka chini na dumu lake, akapiga sakafu ngumi, akaomba maji, na Bi Safiya akamwambia maji unayo hapo mengi tu, kunywa. Harbhajan akaingia na keni yake. Kulwinder akasikia ng'ambo ya ua, akaja kuuliza nani kafa.

Chai ya siku ile ilipikwa kwa maji ya ziwa. Asmahan ndiye aliyeitia chupani na kuileta sebuleni, kaikumbatia kwa mikono miwili, anatembea taratibu. Akasimama mbele ya Harbhajan. Uso mkavu kabisa.

"Anko," akasema, "nimekuletea chupi yako ya moto."

Chai ilipoa, maana hakuna aliyeweza kushika kikombe.

Ijumaa iliyofuata simu ya Makunduchi ikalia. Asmahan akaipokea, akasema shikamoo Bibi, mzima, na Mwinjuma kama kawaida yake akanyoosha mkono kuipokea. Asmahan akageuza bega.

"Bibi, sikiliza," alikuwa anasema. "Baba alibeba madumu mlimani. Ndiyo, mbili. Hapana, hakuna ng'ombe! Ngoja nikwambie. Zamani barafu ilikula mlima..."

Upande wa pili Bi Mwanakhamis aliuliza kitu, akauliza tena, halafu kicheko chake chembamba kikajaa chumba chote cha Stechford. Mwinjuma akausogeza mkono karibu zaidi.

"Subiri, Baba," Asmahan akasema. "Bado sijamaliza."

Akasubiri. Mkono ukabaki hewani hauna kazi, akaurudisha mfukoni, akaenda kukaa dirishani. Basi lilipita nje, limechelewa vibaya sana, na hakuliona.